Prosesa haipigwi msasa kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie makala ya ukurasa wa teknolojia iliyowashauri wasomaji wapige msasa uso wa prosesa ya kompyuta, ile chipu kuu inayofanya hesabu zake zote, mpaka ung'ae, ili ipoe vizuri zaidi. Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusawazisha nyuso za vyuma: vitako vya mashine, vichwa vya injini, sahani za kupimia. Mpwa wangu ndiye aliyeniletea prosesa ya kwanza karakanani, na baada yake wakaja wenzake na za kwao. Kwa hiyo siipingi kazi hii. Naijua, naipenda, na ikifanyika panapostahili ina faida ya kweli. Kinachonikera ni kwamba makala ile ilianza na msasa ikaishia na mng'ao, na katikati hapakuwa na kipimo hata kimoja. Tena iliacha onyo ambalo likikosekana mtu ataharibu kompyuta nzima mchana kweupe.

Nianze na onyo hilo. Kinachopigwa msasa ni kifuniko cha chuma kinachoikinga chipu kwenye prosesa za kompyuta za mezani. Prosesa za kompyuta mpakato kwa kawaida hazina kifuniko hicho. Ukiondoa kipoza joto cha mpakato, ule mstatili mdogo unaometa ulioko katikati ndio silikoni yenyewe, na chipu nyingi za kadi za michoro ziko hivyo hivyo. Silikoni haiguswi na msasa kabisa. Ni ngumu, lakini haijui kupinda, inameguka, na kona ikimeguka hakuna fundi awezaye kuirudisha. Waliokuwa wakiunda kompyuta mwaka 2000 wanazikumbuka prosesa za Athlon za kampuni ya AMD zilizokuwa na chipu wazi: mtu alikibana kipoza joto upande mmoja kabla ya mwingine, kona ikavunjika, na prosesa mpya ikaishia pipani. Makala yenu iliandika "prosesa" tu, bila kusema ya kompyuta gani, na wasomaji wengi mlio nao wanatumia mpakato.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Kwa prosesa nyingi za mezani ni bamba la shaba nyekundu lililopakwa nikeli nyembamba ya mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) isishike kutu. Joto linatoka kwenye chipu, linavuka kiungo cha kwanza kilicho ndani kati ya chipu na kifuniko, linatawanyika ndani ya shaba, linavuka kiungo cha pili ambacho ni pesti ya kupitishia joto tunayopaka wenyewe, ndipo linaingia kwenye kipoza joto. Msasa unagusa kiungo hicho cha pili peke yake, kwa kukipunguzia unene. Hauwezi kufanya lolote juu ya kile cha kwanza.

Kwa nini unene wa pesti uwe na maana kubwa kiasi hicho? Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Pesti nyingi nzuri ziko kati ya 5 na 10. Hewa iliyotulia ni 0.026 tu. Yaani pesti si kipitishio kizuri. Kazi yake ni kuifukuza hewa, na inapaswa kuwa nyembamba kadiri inavyowezekana. Tuseme wati 100 zinapita kwenye eneo la sentimita 4 za mraba, na pesti yenye kiwango cha 5 ina unene wa milimita 0.1. Hesabu inakupa tofauti ya nyuzi 5 za Selsiasi kati ya upande mmoja wa pesti na mwingine. Ukiupunguza unene huo nusu, unabaki na nyuzi 2.5. Faida yako ni nyuzi 2.5.

Naomba wasomaji waishike hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa halisi wa jambo tunalolizungumza. Msasa mzuri kwenye kifuniko kilichopinda kiasi hushusha nyuzi chache. Prosesa ikishuka sana kuliko hapo, mimi huwa sikimbilii kuusifu msasa. Huuliza kwanza pesti ya zamani ilikuwa na hali gani. Mara nyingi jibu ni kwamba ilikuwa imekauka, au skrubu moja ya kipoza joto haikuwa imefika mwisho. Mtu huyo angepata sehemu kubwa ya nafuu yake kwa kitambaa, spiriti na pesti mpya.

Nirudi kwenye mng'ao, maana hapo ndipo makala ilipopotoka kabisa. Uso unaweza kung'aa ukajiona meno na bado ukawa na mbinuko au mbonyeo. Mng'ao unakuambia mikwaruzo imekuwa midogo, basi. Haukuambii kama katikati na pembeni viko kwenye kimo kimoja. Na njia rahisi kuliko zote ya kuupindisha uso uliokuwa sawa ni ile mliyoieleza: kuzungushia msasa kwenye kipande cha mbao laini na kusugua kwa vidole. Mbao laini hubonyea, msasa hupanda kingoni, na kingo huliwa haraka kuliko katikati. Baada ya nusu saa una kifuniko kinachopendeza machoni, chenye kona zilizoanguka.

Mafundi waliligundua hili zamani. Mwaka 1840, huko Glasgow, Joseph Whitworth alieleza jinsi ya kupata uso bapa wa kweli kwa kutumia sahani tatu zinazolinganishwa mbili mbili kwa zamu. Kwa nini tatu? Kwa sababu mbili zinaweza kudanganya: moja ikiwa na mbinuko na nyingine mbonyeo unaolingana nao, zitakaa pamoja bila nafasi yoyote na wewe utaamini zote ni bapa. Ya tatu ndiyo itakayozifichua. Sisi hatuhitaji kuchonga sahani tatu ili kupiga msasa prosesa, kwa sababu tuna kioo. Kioo cha kawaida cha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyushwa, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959, na uso unaotoka hapo umenyooka vya kutosha kabisa kwa kazi hii. Chagua kipande kinene, milimita 10 hivi, ukiweke juu ya meza isiyoyumba. Kioo chembamba juu ya meza yenye bonde nacho hupinda, na msasa utaufuata mpindo huo.

Lakini hata kioo si cha kwanza. Cha kwanza ni kujua kama kuna kitu cha kusawazisha.

Mpwa wangu alipokuja, mkononi ana prosesa na mfukoni ana karatasi za msasa, alisema, "Shikamoo mjomba, naomba unisaidie kuing'arisha hii." Nikamwambia, "Marahaba. Iweke hapo, kwanza tuitazame." Nikachukua rula ya chuma yenye ukingo ulionyooka, nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya kifuniko, tukainua vyote usawa wa macho mbele ya taa. Kwa namna hiyo jicho la mtu linaweza kuona mwanya wa mikromita chache, na unywele wa binadamu una karibu mikromita 70, kwa hiyo hiki si kipimo cha kubahatisha. Mwanga ulipita katikati. Tukageuza rula upande mwingine, ukapita kidogo zaidi. Kwenye pembe mbili zinazokabiliana, vivyo hivyo. Kifuniko kilikuwa kimezama katikati, palepale chipu ilipo chini yake, na palepale pesti ingekuwa nene kuliko kote.

Kisha tukachora mistari ya makapeni nyeusi juu ya nikeli, ikapishana kama nyavu. Tukalowesha karatasi ya msasa namba 800 juu ya kioo, tukaivuta prosesa mara chache bila kuikandamiza. Mistari ya kwenye kona ikafutika kwanza, halafu ya kingoni. Katikati pakabaki duara la wino mweusi ambalo halijaguswa. "Mjomba, mbona hapa hapakwaruziki?" Kwa sababu hapafikiwi, nikamwambia, na duara hilo ndilo ramani yetu: likipotea lote, tumemaliza. Tukaendelea. Nikeli ikaanza kuondoka kingoni, shaba ikajitokeza kama fremu nyekundu, na fremu hiyo ikapanuka polepole kuelekea ndani huku duara likipungua. Wino ulipoisha tuliongeza hatua moja tu ya namba 1000, iliyo laini zaidi, tukasimama hapo. Shaba ilikuwa na rangi ya kufifia, haikung'aa hata kidogo. Mpwa wangu alitaka tuendelee mpaka 2000 na kupaka dawa ya kung'arisha, nilikataa. Mikwaruzo ya namba 1000 ni midogo na pesti inaijaza bila shida. Kila dakika ya ziada ya kusugua kwa mkono ni nafasi nyingine ya kuzilaza kona.

Juu ya mkono wenyewe nitasema machache. Shika chini, karibu na kioo, usisukume kutoka juu. Vuta zaidi kuliko kusukuma. Geuza prosesa robo mzunguko kila baada ya mivuto michache ili uzito wa mkono wako usile upande mmoja. Prosesa ikianza kuyumba, acha, pumzika, anza upya.

Lipo jambo lingine ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha, na kwa mtu wa karakana ndilo la kwanza kufikiria. Kitu hupimwa kikiwa kimebanwa jinsi kitakavyobanwa kazini. Prosesa ikiwa mkononi iko huru. Ikiingia kwenye soketi, yaani kikalio chake kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na kibano kikafungwa, inaweza kubadilika umbo. Mfano mzuri ni soketi ya kampuni ya Intel iitwayo LGA1700 iliyokuja mwaka 2021 na prosesa za kizazi cha 12. Prosesa hizo ni ndefu kuliko upana wake, na kibano huzikandamiza kwenye sehemu mbili tu katikati ya pande ndefu. Matokeo yake prosesa hupinda na kifuniko huzama katikati. Ukiipiga msasa ikiwa huru mpaka ikawa bapa kabisa, kisha ukaifungia humo, itapinda tena, na kazi yako yote imekwenda. Kwa prosesa kama hizo, kampuni kama Thermal Grizzly na Thermalright zilitoa fremu inayochukua nafasi ya kibano na kuikandamiza kingo zote kwa usawa. Hapo unatibu chanzo chenyewe, na hakuna shaba iliyopotea. Hata fremu hiyo ina masharti yake: ukiikaza kupita kiasi, baadhi ya pini za soketi hazigusi sawasawa na kompyuta inakataa kuziona kumbukumbu zake (RAM).

Ndiyo sababu kipimo ninachokiamini kuliko rula ni alama ya pesti. Funga prosesa kwenye soketi kama kawaida, paka pesti kidogo, weka kipoza joto, kaza skrubu zote kwa zamu, kisha ukiondoe wima. Tazama. Panapoonekana chuma kupitia pesti, pamegusana. Palipobaki rundo, pana nafasi. Ukiona pesti imekuwa nyembamba katikati, juu ya chipu, na nene kidogo tu kwenye kona, rudisha msasa kabatini. Huna la kusawazisha. Alama hiyo imekuonyesha vyuma viwili vikiwa katika hali vitakayofanyia kazi, pamoja na mpindo wa soketi na mpindo wa kipoza joto, na imekugharimu tone la pesti.

Nimetaja mpindo wa kipoza joto, na hapa wengi hushangaa. Vipoza joto vingi vizuri havitengenezwi bapa. Hupewa mbinuko mdogo kwa makusudi, ili mgandamizo uwe mkubwa katikati ambako joto linatoka. Kampuni ya Noctua ilipotoa kipoza joto chake cha NH-D15 G2 mwaka 2024 ilikileta kwa aina tatu zinazotofautiana kwa mbinuko wa kitako: ya kawaida, ya mbinuko mkubwa kwa prosesa zinazozama katikati kwenye LGA1700, na ya mbinuko mdogo kwa vifuniko vilivyo bapa zaidi, vikiwemo vilivyopigwa msasa. Sasa fikiria mtu mwenye kipoza joto cha mbinuko mkubwa kilichokuwa kimeshaelewana na kifuniko chake kilichozama. Anafuata makala yenu, anasawazisha kifuniko, na kipoza joto kinabaki kikigusa katikati tu. Ametumia jioni nzima kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi.

Na asithubutu kukimbilia kukipiga msasa kipoza joto nacho kabla hajakigeuza akatazama kitako chake. Kama mirija ya joto imewekwa wazi kwenye kitako ili iguse prosesa moja kwa moja, kuta za mirija hiyo ni nyembamba na ndani yake mna kimiminika kidogo kinachochemka na kurudi. Ukitoboa mrija mmoja, umekwisha, hauzibiki.

Kuhusu kiungo cha ndani, nimeshasema msasa haukifikii. Prosesa za Intel za mwaka 2011 za kizazi cha Sandy Bridge zilikuwa na lehemu kati ya chipu na kifuniko. Za 2012, Ivy Bridge, zikawekwa pesti, na zilipozidishiwa kasi joto lilipanda haraka. Lehemu ilirudi kwenye Core i9-9900K mwaka 2018. Mwenye prosesa yenye pesti ya ndani iliyochoka anaweza kusugua nje mpaka shaba iishe. Joto litaendelea kukwama ndani.

Makala pia iliupima ushindi kwa namba moja ya joto kwenye skrini. Hilo halitoshi, na kwa prosesa za sasa linapotosha. Ryzen 7000 za AMD, zilizotoka mwaka 2022, zimeundwa zipande kasi mpaka zifike nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, kisha zijitawale hapo. Ukiipoza vizuri zaidi, namba inaweza kubaki ileile 95, na faida ikaonekana kwenye kasi. Mwenye kutazama joto tu atasema msasa haukusaidia, kumbe umesaidia. Na mwingine atapima asubuhi kukiwa na baridi, apige msasa, apime usiku feni zikiwa zinazunguka kwa nguvu zote, kisha atangaze nyuzi alizoshusha. Joto la chumba, kasi ya feni, kazi inayofanywa, wati zinazotumika: vyote viwe vilevile kabla na baada, ama sivyo hakuna kilichopimwa.

Uchafu nao usisahauliwe. Tope jeusi linalotoka kwenye msasa ni maji yenye unga wa shaba, na shaba hupitisha umeme. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini tumboni, na pini ikipinda ndiyo mwanzo wa kilio. Zizibwe kwa sponji na mkanda wa karatasi. Zile za AM5 hazina pini, lakini kifuniko chake kimekatwa pembeni na kapasita ndogondogo, vijenzi vya umeme, zimekaa wazi kwenye mapengo hayo, ambamo tope hujipenyeza kwa urahisi. Funika kwa mkanda, tumia maji kidogo, maliza kwa spiriti, kausha mpaka uwe na hakika. Maandishi ya kifuniko yatafutika pamoja na nikeli, kwa hiyo yapigwe picha kwanza, na dhamana ya kiwanda ihesabiwe imekufa tangu mvuto wa kwanza. Anayekuja kuiuza prosesa hiyo baadaye ana wajibu wa kumwambia mnunuzi.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni la haraka: toleo lijalo lichapishe, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zinazoonekana, kwamba ushauri ule hauhusu kompyuta mpakato wala chipu yoyote iliyo wazi. Huenda kuna msomaji ambaye ameshanunua msasa. La pili, mwandishi wenu akiirudia mada hii, aanze na rula, taa na alama ya pesti, na atuonyeshe picha ya alama hiyo kabla ya kazi na baada yake. Akitaka mtu wa kuipitia makala kabla haijaenda mitamboni, nitaifanya kazi hiyo bila malipo.

Wako,
Fundi mitambo, msomaji wa ukurasa wa teknolojia